UZI: Hideo Nomo, pitcha wa Kijapani "aliyestaafu" akiwa na miaka 26 ili akacheze Marekani

#1

Wakuu habari za muda huu. Tangu Yoshinobu Yamamoto awalize Toronto kwenye World Series (fainali ya besiboli ya Marekani) ya 2025, mechi 3 kashinda yeye, na ile ya mwisho kaingia kurusha wakati jana yake tu katoka kurusha iningi 6 (mechi ina iningi 9, na kila iningi kila timu inapata zamu ya kupiga), naona kila kona watu wanaongelea Wajapani na Dodgers, timu ya Los Angeles, utadhani hiyo ndoa imefungwa juzi. Mara mkataba wa miaka 12, mara dola milioni 325, mara Ohtani na milioni zake 700. Sawa hatukatai. Ila kuna mzee hapo nyuma ndo alivunja mlango, na wengi mnaoshabikia sa hivi hata jina lake hamlijui, anaitwa Hideo Nomo. Vuteni viti, uzi ni mrefu, na wale wa "weka kwa ufupi mkuu" piteni tu salama.

Kwa wasiojua besiboli kabisa: pitcha ndo yule anayesimama kwenye kile kituta katikati ya uwanja anamrushia mpigaji. Akimpatia straiki 3 mpigaji anatoka, hiyo ndo straikiauti. Akirusha ovyo nje ya eneo mara 4, mpigaji anatembea zake taratibu mpaka besi ya kwanza bure. Shika hayo mawili tu utamwelewa Nomo, maana kazi yake yote ilikuwa hivyo, anatoa watu wengi sana kwa straikiauti na anagawa besi za bure kama njugu.

Jamaa kazaliwa Osaka mwaka 1968. Japan ukitaka kuwa staa wa besiboli unatakiwa upitie zile shule kubwa zinazoenda Koshien, mashindano ya sekondari ambayo nchi nzima inasimama kuangalia. Nomo shule hizo hazikumtaka. Akasoma sekondari ya kawaida tu ya ufundi, alipomaliza akaenda kucheza timu ya kampuni ya chuma, Nippon Steel pale Sakai, yani timu ya wafanyakazi. Huko ndo akajifunza fokboli, ule mpira unaoubana katikati ya vidole viwili, ukifika kwa mpigaji unaonekana mnyoofu kabisa halafu ghafla unadondoka chini, mtu anapiga hewa. Mwaka 1988 akaenda na timu ya taifa Olimpiki ya Seoul wakarudi na nafasi ya pili. Mwaka 1989 kwenye drafti, pale timu zinapochagua wachezaji wapya, timu 8 zilimchagua raundi ya kwanza, nane mkuu, ligi nzima ina timu 12. Ikabidi wapige bahati nasibu, akaangukia Kintetsu Buffaloes, timu ya kampuni ya reli.

Sasa twende kwenye urushaji wake maana hapo ndo utamu. Tafuta video uone. Anainua mikono yote miwili juu ya kichwa, anajinyoosha nyuma kama mtu katoka kuamka, halafu anaanza kujizungusha taratibu mpaka anampa mpigaji mgongo kabisa, wewe mpigaji unasoma namba kwenye jezi yake, mpira huuoni, macho yake huyaoni, anakaa hapo kidogo kama kasahau anachofanya, halafu anafyatuka. Wakaita Tornado. Makocha wengi wangemwambia acha huo ujinga simama kama wenzako. Ila kocha wake wa kwanza Kintetsu, Akira Ogi, akamwacha hivyo hivyo (na huyo huyo Ogi baadae akaenda Orix akamwacha Ichiro apige anavyojua mwenyewe, kwahiyo mpeni mzee maua yake).

Msimu wake wa kwanza, 1990: kashinda 18, straikiauti 287, akachukua MVP (mchezaji bora wa ligi), akachukua mchezaji bora mpya, akachukua Sawamura ambayo ndo tuzo ya pitcha bora, vyote mwaka mmoja. Miaka 4 mfululizo akaongoza Pacific League (moja ya ligi mbili za Japan, ndo waliyocheza Kintetsu) kwa ushindi na kwa straikiauti. Mpaka hapo unasema huyu atakaa Osaka mpaka ajengewe sanamu.

Naendelea post inayofuata, kuna simu inaita.

#2

Nimeshachota nafasi ya mbele. Mkuu tiririka.

#3

Sasa mleta uzi, kama alikuwa anachukua kila kitu huko kwao kwanini aondoke? Au njaa ya dola tu kama kawaida.

#4 (mleta uzi)

Mkuu #3 ndo nilikuwa nakuja huko. Dola haikuwepo hapo, nitakuonyesha.

Ogi akaondoka, akaja kocha mwingine, Keishi Suzuki. Huyu nae alikuwa pitcha, gwiji wa hiyo hiyo Kintetsu, ana ushindi 317, na alikuwa wa ile shule ya zamani, bega likiuma dawa yake ni kurusha zaidi. Tarehe 1 Julai 1994 dhidi ya Seibu, Nomo siku hiyo hana kabisa mwelekeo, kagawa besi za bure 16. Kumi na sita! Kocha yeyote sa hivi angekuwa kamtoa kwenye iningi ya 4. Suzuki kamwacha mpaka mwisho, mipira 191, na Kintetsu wakashinda. Pitcha wa leo akifika 100 tu benchi zima wanaanza kuangaliana. Bega la Nomo mwaka huo likaharibika, msimu ukaishia njiani.

Mwisho wa msimu kwenye mazungumzo ya mkataba Nomo akaomba vitu viwili: mkataba wa miaka zaidi ya mmoja, maana bega limeshaonyesha dalili na anataka uhakika, na pili aruhusiwe kuwa na wakala wa kumsemea. Kintetsu wakakataa vyote. Kumbukeni Japan ya wakati ule mchezaji anaingia mwenyewe chumbani na mabosi, anawekewa karatasi, anasaini, anatoka anainama. Wakala ilikuwa ni kama matusi.

Sasa hapa ndo anaingia mtu anaitwa Don Nomura. Baba yake wa kumzaa Mmarekani, mama Mjapani, na baba yake wa kambo ni Katsuya Nomura, mmoja wa makatcha (wale wanaodaka mipira ya pitcha) wakubwa kabisa kwenye historia ya Japan, kwahiyo anaijua hiyo dunia kwa ndani halafu wala haiogopi. Jamaa akakaa na vitabu vya sheria za ligi akakuta kitu. Mchezaji akistaafu kwa hiari, timu yake inabaki na haki zake, haruhusiwi kwenda timu nyingine yoyote ya Japan. YA JAPAN. Nje ya Japan hakuna aliyeandika, maana nani angeenda nje?

Mkimaliza kucheka tuendelee. Nomo akarudi mezani akashupaza shingo hapo hapo, hataki kulegeza, hataki kusikia, mpaka mabosi wakachoka wakasema basi kama hutaki staafu. Akasaini karatasi za kustaafu Januari 1995. Wao wakadhani wamemkomoa. Mwezi uliofuata kasaini Los Angeles Dodgers.

Na kuhusu dola mkuu #3: Kintetsu mwaka wa mwisho alikuwa analipwa yen milioni 140. Dodgers walimpa dola milioni 2 za kusaini, baada ya hapo mshahara wenyewe kima cha chini cha ligi, dola 109,000, na mkataba wa kuanzia ligi za chini. Bega lina mashaka, Kiingereza hajui, na akifeli nyumbani hana pa kurudi, kwasababu kule haki zake bado wanazo Kintetsu na magazeti yameshamwita msaliti asiye na shukrani. Mtu mwenye njaa ya hela hafanyi hivyo, anakaa Osaka anakula milioni 140 zake kwa amani.

#5

Dah. Yani alistaafu ili aanze kazi. Hawa watu wa mikataba ni wa kuogopwa.

#6

Samahani mleta uzi ila Nomo si wa kwanza. Wa kwanza ni Masanori Murakami, San Francisco Giants, miaka ya 60. Turekebishane kidogo.

#7 (mleta uzi)

Upo sahihi mkuu #6 na ndo maana juu nimesema kavunja mlango, sijasema wa kwanza kupita. Murakami alipelekwa na Nankai Hawks mwaka 1964 kwenda kujifunza ligi za chini za Giants, akawa mkali kuliko walivyotegemea, Septemba 1 akapandishwa ligi kuu. Giants wakang'ang'ania ni wetu, Nankai wakasema tulimwazimisha tu, ugomvi mpaka kwa viongozi wa ligi zote mbili. Akacheza 1965 akarudi kwao. Baada ya hapo ligi mbili zikakubaliana kila mtu akae na watu wake, na mlango ukafungwa miaka 30. Hakuna hata Mjapani mmoja aliyecheza ligi kuu ya Marekani toka Murakami mpaka Nomo. Kwahiyo ule mkataba wa kuheshimiana ulitokana na Murakami, na tundu alilopita Nomo lilikuwa ndani ya huo huo ukuta.

Tuje sasa 1995. Marekani nako kulikuwa kumechafuka, wachezaji waligoma Agosti 1994, World Series ikafutwa kabisa, mgomo umeisha Aprili, mashabiki wana hasira hawataki kurudi uwanjani. Tarehe 2 Mei, Candlestick Park San Francisco, Nomo kapanda kituta kwa mara ya kwanza. Iningi 5, kapigwa mpira mmoja tu, straikiauti 7. Ushindi hakupata, ile mechi ilienda mpaka iningi ya 15 Giants wakashinda 4-3, na ushindi wake wa kwanza ulikuja kama mwezi mmoja baadae. Ila Japan ilikuwa imeshachizika. Mechi za Marekani usiku kule ni asubuhi, watu wanasimama na mabegi ya kazini chini ya yale maskrini makubwa ya Tokyo wanaangalia mwenzao anawazungusha Wamarekani. Hao hao waliokuwa wanamwita msaliti, ndani ya miezi michache kawa mtoto wa taifa.

Juni kawapiga Pirates straikiauti 16. Julai akaanzishwa kwenye All-Star, mechi ya mastaa wa ligi, pale Texas, upande wa pili pitcha ni Randy Johnson. Kamaliza msimu ushindi 13, kupoteza 6, wastani wa kufungwa 2.54 (ukiwa mdogo ndo vizuri), straikiauti 236 ambazo ziliongoza National League yote (ligi kuu ya Marekani ina pande mbili, hiyo na American League), na mchezaji bora mpya akamzidi Chipper Jones. Kuna waliolalamika kwamba mtu kashacheza miaka 5 Japan utamwitaje mpya. Mimi naona hoja ina mashiko kidogo ila Chipper alipata vingine vingi maishani, msimlilie.

#8

Mimi nataka kusikia ya Denver. Mzee mmoja nilikuwa nafanya nae kazi kule Colorado alikuwa anaisimulia kila mvua ikinyesha.

#9 (mleta uzi)

Hahaha huyo mzee apewe heshima yake, hiyo hapa inakuja.

Uwanja wa Coors Field upo Denver, mwinuko kama mita 1,600 toka usawa wa bahari. Hewa nyepesi. Mpira ukipigwa unasafiri mbali kuliko kawaida, na mbaya zaidi kwa pitcha, mipira ya kupinda inapinda kidogo. Ni makaburi ya mapitcha pale, watu wanakuja na majina wanaondoka na aibu. Na Rockies, wenyeji wa pale, wa 1996 hawakuwa timu ya kitoto, Galarraga alimaliza na homrani (mipira iliyopigwa mpaka nje ya uwanja) 47, Burks 40, Castilla 40.

Septemba 17, 1996. Baridi, mvua, mechi imechelewa kama masaa mawili hivi watu wanakausha uwanja. Nomo kapanda anakuta kituta kinateleza, ule mzunguko wake wa Tornado akijaribu mguu unakimbia. Unajua alichofanya? Akauacha. Ile staili iliyomtambulisha dunia nzima kaiweka pembeni, akawa anarusha kwa mkao mfupi, ule ambao mapitcha wanautumia kukiwa na mtu kwenye besi wasiibiwe. Na kwa mkao huo kawanyima Rockies hiti hata moja, yani hakuna aliyepiga mpira akafika besi salama, iningi zote 9. Besi za bure kagawa 4, si ndo yeye, straikiauti 8, Dodgers 9 Rockies 0. Wa mwisho alikuwa Ellis Burks, straikiauti, Mike Piazza katcha wake kamrukia.

Hiyo ndo nohita, na ni kitu adimu popote. Ila nohita Coors Field, toka uwanja ufunguliwe 1995 mpaka msimu wa 2025 umeisha, ni hiyo moja tu. Wamepita mapitcha wakali mara mbili ya Nomo, hakuna aliyeweza. Hapa sibishani na mtu.

#10

Naunga mkono hoja. Ila nasikia baada ya hapo akashuka?

#11 (mleta uzi)

Alishuka, akapanda, akashuka tena, na hii sehemu ndo mimi naipenda kuliko hata 1995.

Wapigaji walimzoea. Nomo alikuwa na mipira miwili tu ya maana, faste (mpira wa kasi) na fokboli, wakishajua fokboli inadondoka wanaiacha ipite, besi za bure zinaongezeka. Halafu kale kamzunguko karefu mtu akishakuwa kwenye besi ya kwanza anaiba ya pili anavyotaka. Mwaka 1997 wastani ukaenda 4.25, kiwiko kikafanyiwa upasuaji, 1998 Dodgers wakamwacha akaenda Mets. 1999 Mets wakamtema, Cubs wakamjaribu ligi za chini nao wakamtema, akaibukia Milwaukee kashinda 12. Mwaka 2000 Detroit. Unaona picha, kila mwaka begi.

2001 Boston. Mechi yake ya kwanza kabisa na jezi ya Red Sox, Aprili 4, Baltimore, akapiga nohita nyingine, 3-0. Kwahiyo ana moja National League na moja American League, na kabla yake waliowahi kufanya hivyo walikuwa watatu tu: Cy Young, Jim Bunning na Nolan Ryan. Angalia majina hayo. Mwaka huo akaongoza American League kwa straikiauti, 220, na akaongoza kwa kugawa besi za bure pia. Kama kawaida yake.

Dodgers wakamrudisha, 2002 kashinda 16, 2003 kashinda 16 tena. 2004 bega likakataa, wastani 8.25, aibu tupu. 2005 Tampa Bay, hapo ndo kafikisha ushindi wa 200 ukijumlisha Japan na Marekani. Mtu mwingine angesema basi inatosha. Yeye akaenda ligi za chini za White Sox, akaenda mpaka Venezuela kucheza ligi ya majira ya baridi na Caracas, mtu mwenye nohita mbili na ushindi 200 anapanda mabasi na vijana ilimradi tu arudi. 2008 Kansas City wakampa nafasi, mechi 3, akachapwa, Julai akatangaza kustaafu, safari hii kweli. Na akasema wazi kwamba wengine wanaostaafu husema hawana majuto, yeye anayo. Nilipenda sana hiyo, maana tumechoka na zile hotuba za "namshukuru kila mtu".

Jumla Marekani ushindi 123, kupoteza 109, straikiauti 1,918. Straikiauti Yu Darvish kampita 2023. Ushindi 123, mpaka msimu wa 2025 unaisha hakuna pitcha wa Kijapani aliyemfikia.

#12

Mleta uzi na ile ya kwamba sheria ilibadilishwa kwa ajili yake? Maana sa hivi naona timu za Japan zenyewe zinauza.

#13 (mleta uzi)

Tundu walilifunga haraka sana baada ya yeye kuondoka. Ila maji yameshamwagika, kila mchezaji mkali Japan anajua kule kunachezeka. Kukawa na migogoro mingine, Hideki Irabu 1997, Alfonso Soriano akatumia ujanja ule ule wa kustaafu, mwisho wa siku 1998 ligi mbili zikakaa chini zikatunga utaratibu wa posting, yani timu ya Japan inamtangaza mchezaji na inapata fungu lake akisajiliwa. Ichiro kapita hapo, Matsuzaka, Darvish, Tanaka, Ohtani, wote.

Sasa sikilizeni hii. Kintetsu Buffaloes kwa Nomo walipata sifuri. Hata senti. Mwaka 2004 timu ikaelemewa ikaunganishwa na Orix, jina la Buffaloes likahamia huko, sa hivi ni Orix Buffaloes. Na Yamamoto katoka timu gani? Orix Buffaloes. Kaenda wapi? Dodgers. Desemba 2023 Orix wakakusanya dola milioni 50.6 kwa kumruhusu tu kuondoka. Jina lile lile la timu, Osaka ile ile, wanunuzi wale wale, tofauti miaka 28. Wangempa Nomo ule mkataba wa miaka kadhaa aliouomba sijui leo tungekuwa tunaongea nini.

#14

Huku Kampala tunawafuatilia hao Dodgers tangu 2022 waliposaini vijana wetu wa Uganda. Swali langu, kwanini Nomo hayupo Hall of Fame (ukumbi wa heshima wa magwiji) ya Marekani kama ana historia yote hiyo?

#15 (mleta uzi)

Karibu sana ndugu yangu wa Kampala, hao vijana nao wanastahili uzi wao.

Ile ya Japan kaingia 2014 mwaka wa kwanza tu wa kupigiwa kura. Ya Marekani mwaka huo huo kapata asilimia 1.1, na ukiwa chini ya 5 unaondolewa kwenye karatasi moja kwa moja. Na kusema ukweli kwa namba peke yake siwalaumu sana, wastani wa kufungwa 4.24 na ushindi 123 hauingii pale kwa mlango wa mbele. Ila wana kamati zao za kupitia watu walioujenga mchezo nje ya namba, hapo ndo mimi naona Nomo anatakiwa ajadiliwe na sielewi wanasubiri nini.

#16

Mkuu na Roki Sasaki, yule pitcha mwingine wa Kijapani wa Dodgers, vipi, fokboli yake na ya Nomo ipi kali?

#17 (mleta uzi)

Ya Sasaki ina kasi zaidi na inadondoka vibaya zaidi, hilo halina ubishi. Ila mpigaji wa Sasaki anauona mkono unakotokea. Wa Nomo alikuwa anaangalia mgongo. Anayetaka ligi afungue uzi mwingine, huu namalizia hapa naenda kulala.